Ufa huu usiuzibe kwanza

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kigamboni. Nimelifupisha kidogo:

"Mhandisi, shikamoo. Nyumba yetu iko kama mita 300 kutoka baharini, tulihamia mwaka 2014. Kibaraza chake kimefunikwa kwa slabu. Slabu hiyo imepasuka kwa chini, mistari mirefu iliyonyooka, na mwezi uliopita kipande kikubwa kama sahani kilidondoka usiku. Nondo zinaonekana, zimevimba na zinatoa magamba ya kahawia. Fundi anasema ni joto tu: atachonga kidogo, apake redioksaidi (rangi nyekundu ya kuzuia kutu), apige plasta na rangi, siku mbili kazi imekwisha. Mume wangu anataka tukubali. Nasi tumeshaanza kuchimba msingi wa nyumba ya pili kiwanja hicho hicho. Tufanye nini yasitukute tena? Na mabati ya huku tuchague yapi?"

Marahaba, dada yangu. La kwanza halihitaji utaalamu: toeni viti na watoto chini ya hicho kibaraza leo hii. Kipande cha ukubwa wa sahani chenye unene wa sentimita 3 kina uzito wa kilo 3 na nusu hivi, na kikitoka mita 3 juu hakipigi hodi. Simamisheni mirunda mizito au vyuma vya kuegemezea, viachane kama mita moja, juu na chini pakiwa na ubao, ndipo mtu aruhusiwe kugongagonga. Na kama kibaraza chenyewe kimechomoza tu ukutani bila nguzo kwa mbele, msiguse kitu mpaka mhandisi wa miundo afike. Slabu ya namna hiyo hubebwa na nondo za upande wa juu ambazo hamzioni, na huanguka bila kutoa taarifa.

Sasa hilo la joto. Nyufa za joto na za kukauka hupita zinakotaka, hujikunja, hukatana ovyo. Zako umesema zimenyooka. Chukua futi upime umbali kati ya ufa na ufa. Ukikuta ni sentimita 15 au 20, basi hiyo ndiyo nafasi aliyopangia nondo fundi aliyewajengea. Joto halijui nondo imelala wapi. Kutu inajua.

Kwa kawaida nondo iliyo ndani ya zege zuri haipati kutu hata zege likilowa miaka mingi. Saruji ikichanganyika na maji hutengeneza ualkali mkali, pH (kipimo cha ualkali) ya 12.5 hadi 13, na chuma kikikaa humo hujivika utando mwembamba usioonekana kwa jicho. Utando huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo huingia polepole kwenye vitundu vya zege na kushusha ualkali mpaka chini ya 9. Wa pili, na ninavyoona ndiye wenu, ni kloridi iliyo kwenye chumvi. Huyu hana haja ya kushusha ualkali. Akifika kwenye nondo kwa wingi wa kutosha hutoboa utando hapa na pale, na kila alipotoboa panachimbika shimo. Ndiyo maana unaweza kukuta nondo moja, mwanzo nzima, katikati imeliwa kama muwa uliogugunwa na panya.

Kutu inayozaliwa hapo haitoshei mahali ilipokuwa nondo. Hujaza nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa. Zege linavumilia sana kubanwa, ila kuvutwa halina ubavu, kwa hiyo linapasuka kufuata mstari wa nondo, kisha linabanduka bamba zima. Hicho ndicho kilichowaangukia.

Watu huniuliza: mbona kutu inaendelea hata kiangazi, mvua hakuna? Tazama chumvi ya mezani ya Dar es Salaam. Inashikamana kwenye kikopo mpaka tunaitilia punje za mchele. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa maji inayoyavuta hewani, na pwani usiku unyevu wa kiasi hicho si habari. Slabu yenu imejaa hiyo chumvi na haina mchele. Nondo inalala imelowa kila siku.

Ndiyo sababu plasta ya siku mbili inaniogopesha, na hapa nitajisema mwenyewe. Nilipokuwa kijana kazini nilisimamia ukarabati wa veranda ya nyumba moja ya ufukweni. Tulichonga pale tu palipobomoka, tukasugua nondo ikang'aa, tukajaza zege jipya safi kabisa, tukapaka rangi. Nikapiga picha, nikajisifu. Haikufika mwaka na nusu mwenye nyumba akaniita. Viraka vyangu vilikuwa vizima, havina hata unywele wa ufa. Lakini kila kiraka kilikuwa kimezungukwa na nyufa mpya, pande zote, mahali ambapo mwanzo palikuwa pazima. Yule mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, umehamisha ugonjwa."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kutu ni kazi ya umeme. Nondo zote za slabu zimefungwa pamoja kwa bending waya, kwa hiyo ni kama waya mmoja mkubwa. Sehemu inayooza hutoa umeme kwenda kwa majirani zake, na umeme huo huwalinda hao majirani wasioze, ingawa nao wamekaa kwenye chumvi ile ile. Ukija ukaiponya ile sehemu moja kwa zege jipya, umemwondoa mlinzi. Jirani aliyekuwa salama jana anaanza kuoza leo, na kiraka chako kipya kinamsaidia aoze upesi.

Ukishaielewa hila hii unaweza kuigeuza ikutumikie. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy aliigeuza kwa meli za jeshi la majini la Uingereza. Meli hizo zilikuwa za mbao zilizovishwa mabati ya shaba, na shaba ilikuwa ikiliwa na maji ya bahari. Davy alibandika vipande vidogo vya zinki na chuma juu ya shaba. Vipande vikaliwa, shaba ikapona. (Kisha ikaja kero nyingine: shaba isiyoliwa haitoi tena sumu yake majini, viumbe wenye magamba na majani ya baharini wakaota chini ya meli, mwendo ukapungua, na jeshi likauacha mpango. Mhandisi yeyote aliyewahi kufanikiwa nusu anamwelewa Davy.) Siku hizi ukarabati wa zege lenye chumvi hutumia zinki hiyo hiyo. Ni vidonge vya ukubwa wa kopo la rangi ya viatu, vimefungiwa ndani ya mchanganyiko maalumu wa saruji, vina waya wa kufungia kwenye nondo. Hupangwa pembeni mwa kila kiraka kabla ya kujaza. Zinki inaoza kwa zamu badala ya jirani. Si za kila duka la vifaa, huagizwa kwa wauzaji wa kemikali za ujenzi, na zina bei yake.

Kwa hiyo kazi yenyewe iende hivi. Fundi achukue nyundo ndogo na chaki, apite slabu nzima akigonga, si pale palipobomoka tu. Zege zima linalia kama jiwe. Lililobanduka kwa ndani linalia kama mtungi mtupu. Azungushie chaki kila penye mlio wa mtungi. Hii ni kazi ya nusu siku na ndiyo inayoamua kila kitu. Kama chaki imefunika zaidi ya theluthi ya slabu, ushauri wangu kwa kibaraza kidogo ni kuivunja na kumwaga upya. Mtaokoa fedha na usingizi. Kuitibu slabu iliyooza sana ni kumlipa fundi mara tatu.

Kama ni mabaka machache, basi pachongwe kwa tindo mpaka kidole kipite nyuma ya nondo, sentimita 2 hadi 2 na nusu, na kuendelea kuifuata nondo mpaka mtu akutane na chuma kisicho na kutu, kisha aongeze kama sentimita 10 nyingine. Mafundi wengi huishia usoni mwa nondo, wanaacha kutu na chumvi mgongoni mwake. Nondo isuguliwe mpaka ing'ae, ioshwe kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima. Halafu ipimwe. Nondo ya milimita 12 iliyobaki na 10 kwa macho inaonekana bado ipo, lakini nguvu inatokana na eneo la mkato wake, na hapo imepoteza kama asilimia 31. Ya milimita 8 iliyobaki na 6 imepoteza asilimia 44. Mimi nikiona hasara imepita asilimia 20 naweka nondo mpya sambamba na ile, nikiilaza juu ya sehemu nzima kwa urefu wa mara 50 ya unene wake kila upande. Kwa nondo ya 12 ni sentimita 60. Baada ya hapo vidonge vya zinki, kulowesha zege la zamani bila kuacha maji yanatiririka, kujaza kwa mchanganyiko maalumu wa kukarabatia wenye asili ya saruji, na kumwagilia siku 7.

Redioksaidi mwachieni mchomeleaji wa mageti. Ndani ya zege inaitenga nondo na ule ualkali unaoilinda, inapunguza saruji kushika chuma, na mchubuko mmoja tu unatosha kuanza shimo. Hata rangi bora kuliko hiyo zimewahi kuaibika. Huko Florida, Marekani, madaraja ya visiwa vya Keys yalijengwa kwa nondo zilizopakwa epoksi kiwandani, na nguzo zake zikaonyesha kutu kabla ya miaka 10 kutimia.

Jambo la mwisho kuhusu slabu ya zamani: mnajua chumvi imeingiaje? Upepo wa kusi umeleta yake, hilo halina ubishi. Lakini slabu kubomoka mapema hivi kunanitia shaka na mchanga na maji yaliyotumika. Tupige hesabu ya mfuko mmoja wa saruji, kilo 50. Kikomo kinachotumiwa sana kwa zege lenye nondo ni kloridi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Hiyo ni gramu 200, sawa na gramu 330 hivi za chumvi ya mezani. Sasa mchanga wa ufukweni, tuseme kilo 120 kwa mfuko huo, ukiwa umebeba maji ya bahari asilimia 5 tu, unaingiza lita 6. Lita moja ya maji ya bahari ina kloridi kama gramu 19, kwa hiyo mmeingiza 114. Nusu ya posho imekwisha hata ndoo hamjashika. Ongeza lita 25 za kisima chenye gramu 2 kwa lita, chumvi ambayo ulimi unaitambua wazi, ni 50 nyingine. Jumla 164, na bahari bado haijaanza kupuliza. Mtu akichanganya kwa maji ya bahari yenyewe, lita 25 zinaleta gramu 475, mara mbili na zaidi ya kikomo kwa siku moja.

Kama mna nafasi, mwombeni mtu atoboe slabu kwa dreli, akusanye unga wa kina tofauti, sentimita 1, 3 na 5, upelekwe maabara ya vifaa vya ujenzi kupimwa kloridi. Kloridi ikipungua kadiri mnavyoingia ndani, chumvi imetoka nje. Ikiwa sawa kina chote, iliingia siku ya kumwaga zege, na hapo hakuna rangi ya juu itakayosaidia.

Haya, nyumba mpya. Wazee wa pwani walilikwepa tatizo hili kwa kutotia chuma. Magofu ya Kilwa Kisiwani ni matumbawe na chokaa, na chumvi iliyomo kwenye kuta zile haina nondo ya kuvimbisha. Mitepe, vyombo vya bahari vya zamani, ilishonwa kwa kamba za makumbi, haikuwa na msumari wa kuliwa na bahari. Sisi tunataka slabu na ghorofa, kwa hiyo chuma hatukikwepi. Kuna wanaonunua nondo zisizoshika kutu, na zinafanya kazi kweli: gati la Progreso huko Yucatán, Mexico, lilijengwa kwa nondo hizo kati ya 1937 na 1941 na bado limesimama baharini, wakati gati jirani lililojengwa miaka ya 1960 kwa nondo za kawaida limebaki visiki. Lakini bei yake si ya kiwanja chetu. Kinga yetu ni zege lenyewe, nalo halidai fedha nyingi. Linadai mtu wa kusimama pale.

Simama kwenye maji. Mafundi wakimwaga slabu hupenda zege linalotiririka kama uji, halichoshi mikono. Ndoo 2 za lita 20 kwa mfuko mmoja ni uwiano wa maji kwa saruji wa 0.8, na maji yote yasiyotumiwa na saruji huacha njia yanapokauka. Chumvi itapita njia hizo. Kwa pwani uwiano usizidi 0.45, yaani lita 22 na nusu kwa mfuko, zikihesabiwa pamoja na maji yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Ni ndoo 1 na kikopo. Zege litakuwa gumu kushindilia, kwa hiyo kodisheni vibreta (mashine ya kutikisa zege lijishindilie), na mkiweza nunueni dawa ya kulainisha zege. Msikubali "kuongeza kidogo tu" saa nane mchana watu wakichoka. Hapo ndipo nyumba nyingi za pwani zinapoharibikia.

Simama pia kwenye biskuti. Hayo matofali madogo yanayowekwa chini ya nondo ndiyo yanayoamua zege la kuifunika litakuwa nene kiasi gani. Kwenu liwe milimita 50 kwa sehemu za nje, na lipimwe kutoka kwenye ringi (vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo kuu), si kutoka nondo kuu, maana ringi ndiyo iko karibu zaidi na nje. Biskuti zitengenezwe kwa saruji na mchanga ule ule mzuri, zimwagiliwe kabla ya kutumika. Vipande vya tofali na kokoto vinateleza mtu akikanyaga, na vipande vya nondo ni kualika kutu kwa mkono wako. Nimewahi kuvunja slabu nikakuta nondo imelala juu ya mbao kabisa, juu yake kuna sentimita 10 za zege zuri, chini milimita 8 za plasta. Kwenye msingi mwage kwanza zege jepesi la sentimita 5, nondo zisikae kwenye udongo.

Saruji yenye pozolana (unga kama wa majivu ya volkano) inafaa pwani kuliko ya kawaida tupu, kwa sababu inaziba vitundu zaidi kadiri inavyokomaa, ila haina haraka, kwa hiyo mbao zisifunguliwe mapema na kumwagilia kusipungue siku 10. Magunia yaliyolowa yakifunikwa na nailoni yanafanya kazi nzuri kuliko kijana anayepita na mpira asubuhi na jioni. Mchanga wa mtoni au wa machimbo ya bara. Maji ya bomba, hata ikibidi kununua boza.

Halafu kuna zile nondo za kusubiri ghorofa. Zinaachwa zimechomoza juu ya nguzo miaka 5, miaka 10, fedha ikisubiriwa, na mvua na chumvi vinateremka nazo ndani ya nguzo. Kama ghorofa si ya mwakani, zipakeni uji mzito wa saruji, zifunikeni kwa zege hafifu ambalo litavunjika kirahisi siku ya kuendelea, na sehemu ya chini pale zinapotoka kwenye nguzo pasiwe na kibwawa cha kutuamisha maji.

Mabati, kwa kifupi: geji 28 au 26, msidanganywe na 30, maana namba ikipanda bati linapungua unene. Yale ya mchanganyiko wa alumini na zinki, asilimia 55 alumini, huvumilia pwani kuliko ya zinki peke yake, mradi yasigusane na saruji mbichi wala shaba. Waya wa shaba wa kuzuia radi ukilala juu ya bati, bati litatoboka chini yake. Skrubu ziwe na mpira, na vumbi la chuma la kukatia lifagiliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu linashika kutu na kuacha madoadoa ambayo baadaye mtadhani ni ya bati. Kisha sehemu zisizofikiwa na mvua, chini ya vipenu na nyuma ya magrili, zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Mvua inaosha paa, chini ya kipenu haifiki, na huko ndiko chumvi inakojilimbikiza.

Kwa mume wako mpelekee nyundo na chaki, si maneno yangu. Apande ngazi pale palipokwisha kuegemezwa, agonge mwenyewe, asikie tofauti. Na kabla fundi hajarudi, mwageni ndoo mbili za maji juu ya slabu mtazame yanatuama wapi. Kama yanatuama juu ya palipodondoka, basi kazi ya kwanza ya fundi iko huko juu: mteremko wa kutoa maji na kizuia maji juu yake, kabla hajagusa chini.